Sauti Yangu kwenye Midomo ya Binamu

Kama hukusoma wiki iliyopita, usijali, hukupitwa na kitu zaidi ya aibu yangu. Nilieleza jinsi nilivyoandika filamu fupi ya kumalizia masomo chuoni, kisa cha mwanamke anayepiga pasi nguo za watu huku moyo wake ukitamani jukwaa. Nilimwandikia mwanamke huyo maneno matamu na machozi mahali pake. Nilifanya hivyo kwa sababu moja tu, na leo naisema bila haya: mwanamke huyo nilitaka kumwigiza mimi.

Nikaeleza pia jinsi nilivyompoteza. Tulihitaji sebule. Shangazi yangu ana sebule kubwa yenye dirisha linaloingiza mwanga mzuri, akasema tuichukue bure, ila sebule na binti yake ni kitu kimoja. Binti asipoigiza, sebule haipo. Mwongozaji wetu, kijana ambaye angemuuza bibi yake apate dirisha lenye mwanga, akakubali kabla chai haijapoa.

Ndivyo binamu yangu alivyoichukua nafasi yangu. Mtaa mzima unamwita Kope, kwa sababu ya zile kope za kubandika asizozivua hata akiugua. Kope si mwanachuo. Anafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, kazi ya kuwatabasamia watu wenye maumivu.

Mimi nikapewa fimbo. Ni fimbo ndefu yenye kipaza sauti kwenye ncha, unaishika juu ya kichwa cha mwigizaji na kuomba Mungu isionekane kwenye picha. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliambiwa ninyooshe mikono juu.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Siku ya kupiga picha tulifika kwa shangazi tukiwa watatu: mwongozaji, mpiga picha, na mimi na fimbo yangu. Tulikuwa tumebakiza onyesho la mwisho, lile kubwa. Mwanamke yuko peke yake, mashati ya watu yametundikwa sebule nzima, naye anayageuza mashati hayo kuwa watazamaji wake. Anayaambia yote aliyoshindwa kuwaambia wenye mashati.

Mashati tuliyaazima kwa majirani, tukaomba yaliyokunjamana, maana ndiyo kwanza yanasubiri pasi. Tuliyaacha kwa shangazi jana yake, na tulipoingia sebuleni tuliyakuta yamenyooka yote, kola zimesimama utadhani yanakwenda kuposa.

"Shangazi," nikasema, "haya mashati..."

"Nimeyapiga pasi. Nimeamka nayo."

"Lakini kwenye hadithi bado hayajapigwa."

"Hadithi ni yako, sebule ni yangu. Watu wakiona mashati yamekunjamana humu watasema nyumba haina mwenyewe."

Mwongozaji akajaribu kwa heshima. "Mama, tunaomba tuyakunjekunje kidogo tu."

"Kunjakunja hilo ulilovaa, mwanangu. Ingawa naona umeshatangulia."

Tukapiga picha hivyo hivyo. Kwenye filamu yetu mwanamke anahangaika kupiga pasi mashati ambayo tayari yamepigwa, na mpiga picha akasema walimu wakiuliza tuwaambie ni fumbo.

Kope akatoka chumbani. Gauni lilikuwa la kuchakaa kama tulivyokubaliana. Kope zilikuwa mpya.

"Wewe," nikamwambia, "mpiga pasi gani ana kope kama hizo?"

"Yule anayetamani jukwaa, dada."

Jibu lilikuwa zuri, na kwa kuwa lilikuwa zuri nikazidi kukasirika.

Sebule ilikuwa imejaa mashati hadi hapakuwa na pa kusimama. Nikabanwa kwenye kona, fimbo nikaifupisha ikawa kama mwiko, kipaza sauti kikawa karibu na mimi sawasawa na kilivyokuwa karibu na Kope. Hedifoni zilikuwa jozi moja. Kwa kawaida mshika fimbo ndiye anayezivaa, ili asikie kinachoingia. Lakini mwongozaji alizitaka yeye, akazitundika shingoni, na shingoni zikakaa siku nzima, kwa sababu zilimfanya aonekane mwongozaji. Masikioni hazikufika.

"Anza," akasema.

Mara ya kwanza Kope alisahau maneno katikati. Mara ya pili aliyakumbuka, ila akaigeukia kamera kuiuliza kama ameyakumbuka. Mara ya tatu alikuwa anakwenda vizuri, shangazi akapita na sinia la vikombe.

"Kata. Mama, tunapiga picha."

"Najua. Ndiyo maana nimepita nyuma, sikupita mbele."

"Kamera inaona hadi nyuma, mama."

"Basi hiyo kamera haina adabu."

Tukarudia, na tukarudia tena. Pasi yenyewe Kope alikuwa anaishika mbali na shati, anapiga pasi hewa, kwa sababu aliwahi kuungua utotoni. Na kila alipofungua mdomo nilikuwa nasema moyoni jinsi ambavyo ningesema mimi. Moyoni, nilivyodhani.

Kisha, alasiri mwanga ulipolegea, Kope akaweza.

"Nyinyi mnakwenda kwenye sherehe," aliyaambia mashati. "Mnapigwa picha. Mnatazamwa. Mimi ndiye niliyewanyoosha, na hakuna siku hata moja niliyotazamwa."

Hapo akasahau kinachofuata. Nilijua amesahau, maana kinachofuata nilikiandika mimi. Akabaki amelishika shati moja kwa kola, analitazama, midomo imeachana kidogo. Mwongozaji hakusema kata. Kisha maneno yakamrudia, akamalizia hadi mwisho bila kukosea.

Tukapiga makofi. Shangazi alikuwa mlangoni na sinia lake, analia. Mpiga picha analia. Mwongozaji anajifuta macho kwa pindo la shati lake lililokunjamana. Nami nikalia, na wote wakadhani nimeguswa. Niliguswa na wivu, msomaji wangu. Wivu mtupu, usio na maji.

Siku iliyofuata tulikuwa chuoni, chumba cha uhariri, mbele ya mwalimu wa sauti. Huyu ni mwanamke mpole asiyejua kusifu. Umletee kazi nzuri namna gani, atakuambia "inasikika", na wanafunzi hutoka pale wakiruka kwa furaha kwa sababu kazi yao inasikika.

Akaiwasha picha. Kope akafungua mdomo. Mwalimu akaizima.

"Mle ndani mlikuwa wangapi?"

"Mwigizaji mmoja tu, mwalimu," mwongozaji akasema.

"Mimi nasikia wawili."

Akairudisha nyuma. Tukatega masikio. Kweli, chini ya sauti ya Kope palikuwa na kitu, kama mtu anayenong'ona nyuma ya pazia.

Mpiga picha akasogea karibu na mlango. "Nilijua. Ile nyumba niliihisi tangu tulipoingia."

"Ni redio ya jirani," mwongozaji akasema.

"Na redio ya jirani inaujua muswada wenu?" mwalimu akamuuliza.

Akazima picha, akapandisha sauti. Chumba kikawa giza nusu, na mnong'ono ukaja wazi. "Nyinyi mnakwenda kwenye sherehe," ulisema, na nusu ya pumzi baadaye Kope akasema, "Nyinyi mnakwenda kwenye sherehe." Ukasema "mnatazamwa", naye akafuata na "mnatazamwa".

"Anamtangulia," mwalimu akasema taratibu. "Kila neno anafika kwanza."

Masikio yangu yalishika moto. Mtu anaijua sauti yake hata ikiwa imejificha. Nikaviangalia viatu vyangu, navyo havikunisaidia.

"Dada wa fimbo," mwalimu akaniita. "Sogea. Sema 'sherehe'."

"Sherehe," nikanong'ona.

Mpiga picha akarudi kutoka mlangoni. Mwongozaji akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ulifanya hivyo kila tuliporudia?"

"Sikujua kama nasema. Nilidhani nawaza."

"Mdomo ni wako, unakosaje kujua?"

"Na hedifoni zilikuwa zako, ulikosaje kusikia?"

Akazishika shingoni. Alikuwa amezivaa hata siku hiyo.

Basi tukasikiliza zote, moja baada ya nyingine, na katika zote nilikuwemo. Hakuna mahali binamu yangu alipokuwa peke yake. Kupiga picha upya haikuwezekana: mashati yalisharudi kwa wenyewe, na shangazi alisharudisha makochi mahali pake na kuapa hayatasogea tena ila siku ya kumtoa yeye kwenda kuzikwa. Nayo filamu ilitakiwa ionyeshwe mbele ya walimu wote mwisho wa wiki.

"Picha ni nzima," mwalimu akasema. "Mnachohitaji ni sauti mpya juu ya picha ileile. Mtu anayeyajua maneno, na anayezijua pumzi za yule binti." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. "Naona tunaye."

Nitakuambia ukweli. Ningeweza kusema kwamba nilimfikiria binamu yangu, kwamba roho iliniuma kidogo. Haikuniuma. Nilitaka kucheza palepale mbele ya mashine. Uso wangu wameukataa, sawa, lakini sauti yangu itasikika ukumbi mzima, kila neno mahali pake, kama nilivyolisikia kichwani siku niliyoliandika. Mungu hamtupi mja wake.

Chumba cha kunasia sauti chuoni kwetu kimefunikwa magodoro ya zamani ukutani, ukiingia unahisi umelala wima. Upande mmoja kuna kioo, nyuma ya kioo anakaa mwalimu na mitambo yake. Mbele yako kuna skrini ndogo. Unatazama midomo, unasema.

"Ukiwa tayari," mwalimu akasema.

Nilikuwa tayari tangu utotoni. Kope akafungua mdomo kwenye skrini, nami nikafungua wangu.

"Nyinyi mnakwenda kwenye sherehe," nikasema.

Nyuma ya kioo, mwalimu akairudisha picha mwanzo.

"Tena," mwalimu akasema.

Nikasema tena. Nilijisikia mwenyewe, na nilichokisikia ni mtangazaji wa habari za vifo. Nikaongeza huzuni, ikawa kama mafua. Nikapunguza, ikawa kama nasoma namba ya simu. Mwongozaji akainua kidole gumba nyuma ya kioo kwa namna ya mtu anayemuaga mgonjwa.

"Ule mnong'ono uko wapi?" mwalimu akauliza. "Ule wa jana ulikuwa na mtu ndani yake."

"Niongeze nini, mwalimu?"

"Ningejua ningekuuzia."

Mpiga picha akaja na wazo. "Mpeni fimbo yake aishike. Pengine bila fimbo hawezi."

Usicheke. Tuliijaribu. Nikasimama mle ndani kati ya magodoro, mikono juu, fimbo juu, nasema maneno ya mapenzi kwa jukwaa kama mtu anayetungua embe. Haikusaidia. Jasho likanitoka. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba ninachokosa ni nafasi tu, na nafasi ilikuwa hiyo hapo, imeniwashia hadi taa nyekundu ya kunasa sauti, nami sina cha kuipa. Niliogopa, ndugu msomaji. Niliogopa kwamba labda mimi si mwigizaji hata kidogo. Labda mimi ni mtu wa kutamani tu, na kutamani ndicho kipaji changu chote.

Mwongozaji ndiye aliyegundua, na sitamsamehe kwa kuwa sahihi.

"Siku ile alikuwa anamtazama Kope," akasema. "Alikuwa anamwonea wivu Kope anayepumua mbele yake. Huyu wa kwenye skrini hawezi kumkasirisha. Mleteni binamu yake."

"Mimi sikumwonea wivu mtu," nikasema.

Mwongozaji akanipa nauli ya kwenda kumwita.

Nilimkuta Kope kwenye meza yake ya mapokezi, sare nyeupe, nywele zimebanwa. Kwenye benchi palikuwa na wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba, wamekaa kimya kama watu waliogombana. Nilikuwa nimepanga njiani namna ya kumweleza. Nitasema: mdogo wangu, sauti yako imeharibika kwa sababu yangu, tunaweka yangu, njoo usimame tu nikutazame. Maneno yalikuwa mepesi hadi nilipouona uso wake.

"Dada. Filamu imetokaje?"

"Picha ni nzuri sana. Kuna shida kidogo kwenye sauti."

"Sauti yangu?"

"Sauti iliingiliwa. Tunakuhitaji jioni ukitoka kazini."

Macho yakamng'aa chini ya mapazia yake yale. "Nirudie maneno yangu?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kazi ilikuwa kuingia tu.

"Njoo," nikamwambia, "mwalimu atakueleza."

"Basi leo siongei. Nitunze koo."

Na kweli hakuongea. Mgonjwa aliyefuata alipouliza zamu yake, Kope alimwonyesha mlango wa daktari kwa mkono, akainamisha kichwa kwa upole kama mtu anayemkaribisha mfalme. Nikatoka haraka.

Jioni alifika kabla ya wakati. Alikuwa amepita nyumbani kubadili: amevaa lile gauni la kuchakaa, amejipaka, amebandika kope zilezile za siku ya filamu. Mpiga picha akaniambia sikioni, "Nani hujipamba hivyo kwa ajili ya kunasa sauti?" Nilijua ni nani.

Mwalimu akamweleza bila kuzunguka, maana yeye alidhani nimeshamweleza. "Wewe utasimama pale, mbele ya dada yako. Fanya yote kama siku ile, mikono, uso, midomo. Ila usitoe sauti."

Kope akamtazama. "Nisitoe sauti?"

"Hata kidogo. Sauti atatoa yeye."

Akanigeukia. Nilikuwa nashughulika na waya wa kipaza sauti, waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilipoinua macho alikuwa anatabasamu lile tabasamu la mapokezi.

"Sawa," akasema. "Hakuna shida."

Taa nyekundu ikawaka. Kope akanyanyua pasi isiyokuwepo, akaielekea safu ya mashati isiyokuwepo, na wivu ukanirudia, uleule wa siku ile. Nikamtazama midomo. Nikasema.

Sitajisifu. Nitasema tu kwamba mwongozaji alizivaa hedifoni masikioni kwa mara ya kwanza tangu tuzinunue. Mpiga picha aliacha kutafuna karanga zake. Sauti ilitoka mahali nisipopajua, haikuwa inasoma wala kutangaza, ilikuwa inaomba, na mimi mwenyewe nilikuwa naisikiliza. Tukafika kwenye "hakuna siku hata moja niliyotazamwa". Kope akasimama kama alivyosimama sebuleni aliposahau, ameshika kola ya hewa. Hapo sikuwa na neno la kusema. Nikanyamaza naye, nikimfuata. Nyuma ya kioo, mwalimu akavua miwani na kuiweka mezani.

Kisha nikamalizia.

Taa ikazimika. Tukangoja.

"Inasikika," mwalimu akasema. Halafu akaongeza, "Inasikika sana."

Mwongozaji akanikumbatia, hedifoni zikanigonga meno. Wakaiweka sauti yangu juu ya picha, wakatuwashia tutazame. Uso wa Kope, sauti yangu. Midomo yake ilifunguka nikatoka mimi. Nilikuwa mzuri. Naomba unisamehe, lakini nilikuwa mzuri, na nilicheka peke yangu kwenye giza kama mtu aliyepata barua ya posa.

Taa zilipowashwa, kiti cha Kope kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta karibu na ubao wa matangazo, anasoma tangazo la mwaka jana.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilitaka mwalimu akueleze yeye."

"Nimeshinda siku nzima sisemi na mtu. Daktari akaniita ndani akaniangalia mdomo, akidhani jino linaniuma."

Nilitaka kucheka, nadhani na yeye alitaka, lakini hatukucheka.

"Nisamehe, mdogo wangu. Sikujua kama utaumia. Haya mambo si yalikuwa ya shangazi? Lile sharti lake la sebule."

"Mama anajua nini kuhusu filamu? Mama hakutaka hata mguu wenu uingie mle. Mimi ndiye niliyemwambia aseme vile. Nilimpigia magoti, dada. Nikamwambia asiposema nahama nyumba."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini hukuniambia mimi moja kwa moja?"

"Ungenicheka. Ungesema, wewe, na hizo kope?"

Ningesema hivyo, na kwa maneno hayohayo.

"Unajua pale mapokezini huwa nafanya nini?" akaendelea, macho kwenye tangazo. "Kila mgonjwa namwambia daktari yuko tayari kukuona. Siku nzima, maneno hayohayo. Kwa hiyo kila mmoja namwambia kivyake. Huyu namwambia kama malkia. Huyu kama mjane. Kuna mzee mmoja nilimwambia kama mama yake, akalia. Daktari alidhani ni jino."

Sikujua. Tumekua pamoja, tumelala kitanda kimoja likizo zote za utotoni, na mimi nilidhani kutamani kumo ndani yangu peke yangu.

"Siku ile mlinipigia makofi," akasema. "Mama alilia. Nikasema basi, kumbe naweza. Leo nimejiona na sauti yako. Niambie ukweli, dada, usinibembeleze. Nilikuwa mbaya?"

Hakuwa mbaya. Alikuwa na makosa, pasi yake ilikuwa ya hewa, lakini hakuwa mbaya. Na palikuwa na pale mahali alipolishika shati kwa kola na kulitazama, mahali ambapo sikuandika kitu. Mwalimu aliivua miwani pale. Nilikuwa nimejihesabia mimi miwani ile, na sasa, kwenye korido, nilianza kukumbuka kwamba wakati inavuliwa mimi nilikuwa kimya.

Sikuwahi kumjibu. Mlango ulifunguka, mwongozaji akachungulia, uso umemjaa furaha.

"Mlipotelea wapi? Mwalimu anafunga mitambo, kesho chumba si chetu tena. Anasema kama kuna mwingine wa kujaribu sauti aingie sasa hivi, mitambo bado inawaka. Nimemwambia hakuna." Akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyeandika. "Hakuna, sivyo?"

Miaka yote ile nilikuwa nikitafuta mtu wa kunifungulia mlango mmoja tu, na sasa kumfungia Kope wake kulihitaji neno moja. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Binamu yangu aligeukia ukuta, ili nisilazimike kumtazama wakati najibu.